Mnauliza hati na maji, shule mbona hamuulizi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na hawa ndugu zetu wanaohamia huku Bagamoyo kutoka Dar, na nikimalizana nao nina neno na walimu wakuu. Mi ni fundi ujenzi, nimejenga Mapinga, Kerege, Zinga mpaka hapa Kiromo ninapokaa, kwahiyo hawa watu nakutana nao mapema kabla hata ya msingi kuchimbwa. Mtu akija kuona kiwanja anauliza hati, anauliza maji yamefika, nguzo ya umeme iko wapi, masika gari inapita au haipiti. Maswali ya maana yote hayo. Ila habari ya shule anamwachia dalali, na dalali jibu lake ni moja miaka yote, "shule ipo hapo tu bosi", ananyoosha kidole upande wa minazi, yameisha. Na kweli ipo, hajadanganya.

Kinachofuata nakijua maana mara nyingi nakuwa bado napiga lipu. Januari inafika, mama anampeleka mtoto, anarudi kanuna. Kumbe darasa limejaa wengine wanakaa chini, au wanaingia kwa zamu, wadogo asubuhi wengine mchana, na yeye kazini kwake ni Kariakoo anatoka alfajiri. Basi wanaamua mtoto aendelee na shule yake ya zamani Dar, anaamshwa saa kumi usiku, anasinzia kwenye daladala na begi lake. Tena konda akiona yunifomu anajifanya haoni maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Nyumba nzuri, vigae mpaka jikoni, mtoto hakai humo.

Na hawa wanaobakiza watoto Dar kuna kitu wengi hawajui. Ukishavuka Bunju ukaingia Mapinga umetoka Kinondoni, uko mkoa wa Pwani, halmashauri nyingine. Mtoto akimalizia darasa la saba kule, shule ya kutwa ya kidato cha kwanza atapangiwa hukohuko kule, haijalishi wewe umejenga wapi. Hapo ndo utasikia simu za kutafuta uhamisho mwezi wa kwanza, kila mtu anatafuta mtu anayemjua mtu.

Wapo wachache wanaochunguza, nawapongeza, wanaingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani wanaangalia matokeo. Sawa, ni bure na yapo kila shule, ila muwe mnajua mnachosoma. Kwanza wilaya yetu ina halmashauri mbili, Bagamoyo na Chalinze, kwahiyo aliyenunua Msata asihangaike kutafuta shule yake kwenye orodha ya Bagamoyo, hataiona, aende Chalinze. Halafu wastani wa shule ya msingi unahesabiwa kwenye 300, masomo sita kila moja 50, sio kwenye mia kama wengine wanavyodhani wakaona shule ina 150 wakashangilia, hiyo ni nusu tu. Usiangalie mwaka mmoja, fungua na ya nyuma. Shuka mpaka kwa mtoto mmojammoja uone Hisabati na Kiingereza wamepata nini, maana shule inaweza kubebwa na Kiswahili ukaona wastani umekaa vizuri kumbe hesabu wote ni D. Na angalia waliofanya mtihani ni wangapi. Shule ya watoto kumi na wanane wa kulipia huwezi kuilinganisha na ya serikali yenye watoto mia na hamsini halafu ukasema walimu wa serikali wavivu, huo ni uonevu.

Tena hizo za kulipia ndo za kuuliza vizuri zaidi. Zipo zinazochuja, mtoto asipofikisha wastani wao anarudishwa darasa au mzazi anaitwa pembeni anaambiwa atafute shule nyingine, wanabaki wale wakali, matokeo yanatoka yamenyooka. Serikali imeshakataza sana mambo hayo lakini wazazi tunayasikia kila mwaka. Kwahiyo usiulize tu wamefaulu wangapi, uliza walioanza la kwanza walikuwa wangapi na waliofika la saba wangapi. Ukiona mwenye shule anaanza kukuonyesha basi jipya ujue swali limemgusa.

Toka 2023 Baraza lenyewe limeacha kutangaza zile shule kumi bora. Mi naona walifanya vizuri, zile orodha zilikuwa tangazo la biashara la bure. Ila sasa mzazi amebaki na nini? Hapa ndo nakuja kwa walimu wakuu.

Niliwahi kuitwa kuziba mashimo ya sakafu kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, shule ya msingi ya huku, jina naliacha. Siku nzima niko chini na mwiko, nikinyoosha mgongo macho yanaenda ukutani. Wamebandika manila kubwa zimeandikwa kwa maka peni: kila darasa wavulana wangapi wasichana wangapi, walimu, vyumba vya madarasa, madawati, matundu ya vyoo, vitabu somo kwa somo. Safu zimepangwa, mahitaji, yaliyopo, na ya mwisho PUNGUFU kwa wino mwekundu, na hiyo nyekundu ndo ilikuwa imejaa. Darasa la kwanza peke yake lilikuwa na namba ambayo mi nilidhani ni ya shule nzima, wakati kiwango kinachojulikana ni watoto 45 darasa moja. Vyoo vilevile, inatakiwa tundu moja kwa wasichana 20 na wavulana 25, pale hata robo haikufika. Nikasema loh, kila kitu mzazi anachotaka kujua kipo hapa, kimeandikwa kwa Kiswahili kabisa, lakini kiko ndani, anakiona mwalimu mkuu, mkaguzi na fundi sakafu.

Kwahiyo ombi langu kwa halmashauri na walimu wakuu ni dogo, hizo namba zitoke nje. Ubao wa matangazo upo, ruzuku inabandikwa pale, basi pembeni yake muweke na idadi ya watoto kila darasa, walimu wa kila somo na huo upungufu wenu, mbadilishe kila muhula. Haina gharama, ni manila moja. Najua wengine wataogopa kuonekana shule mbaya, lakini upungufu haujaletwa na mwalimu mkuu. Na huyu mgeni akiuona kabla hajahama pengine ndo atakayekuja kuchangia tofali, tofauti na sasa anakuja Januari na hasira zake anamgombeza mwalimu wa watu.

Na hili la sekondari msilisahau nyie mnaojenga sasa. Watoto walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 wanaishia la sita, kwahiyo 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja, halafu Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Nendeni mkaone sekondari ya kata yenu ina vyumba vingapi na kama kuna msingi wowote unachimbwa. Mi naangalia tofali, sijaona nyingi.

La mwisho ni uhamisho wenyewe. Mtoto akiwa la nne au la saba muwahi, akishasajiliwa kufanya mtihani kule mnakotoka kumhamisha ni kazi kweli. Muende kwanza shule mnayotaka mpate uhakika wa nafasi, halafu ndo mrudi kule kuanza barua, na mhakikishe wamemhamisha na kwenye mfumo wa PReM, ule wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, sio mnabeba makaratasi tu. Na mkija kuangalia shule mje mwezi wa nne mvua inanyesha, siku ya kazi, mida ya saa nne watoto wakiwa mapumziko. Dalali atawaambia msubiri kiangazi.

Fundi ujenzi,
Kiromo, Bagamoyo