Risala ya Wanafunzi Wanaozungumza Kiswahili Makassar, Indonesia, kwa Mgeni Rasmi, Baada ya Ziara ya Toraja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mlezi wa kikundi chetu,
Walimu wetu na wageni waalikwa,
Kaka na dada,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha jioni hii tukiwa wazima. Nawe tunakushukuru kwa kuja, ilhali umetua Makassar jana tu, na uchovu wa safari ya kutoka Dar es Salaam hadi huku sote tunaufahamu. Tuliposikia kwamba unafikiria kuleta wasafiri kutoka nyumbani hadi nyanda za juu za Toraja, hapahapa kisiwani Sulawesi, tuliona risala ya mwaka huu isihusu ada wala vyumba vya kupanga. Ihusu kijiji kimoja tulichokaa siku tisa mwezi Agosti, mpunga ukiwa umeshavunwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutoka hapa hadi Rantepao, makao makuu ya wilaya ya Toraja Utara, ni zaidi ya kilomita 300. Basi la usiku linapanda milima hadi asubuhi. Mwenye haraka na fedha hupanda ndege, maana kiwanja kipya cha Toraja kilifunguliwa mwaka 2021. Lakini kijiji chetu hakiko Rantepao. Kiko juu zaidi, kwenye mbavu za mlima Sesean. Lami inakwisha, kisha gari linashindwa, mwishowe hata mwenye pikipiki anakuomba ushuke utembee. Alfajiri mawingu yanalala bondeni chini ya miguu yako, na jogoo unawasikia wakiwika humo ndani ya mawingu.

Nyumba za ukoo zinaitwa tongkonan, neno linalotokana na tongkon, yaani kuketi. Ni nyumba za mbao juu ya nguzo, zimechongwa nakshi nyekundu, nyeusi, nyeupe na njano, na paa lake limeinuka ncha zote mbili kama omo na tezi za jahazi. Kila nyumba inatazama kaskazini. Mbele yake kuna ghala la mpunga, linaloitwa alang, lenye nguzo za mti wa jamii ya mnazi zilizo laini kiasi kwamba panya hawezi kuzipanda. Chini ya ghala kuna jukwaa, na hapo ndipo anapoketishwa mgeni wa heshima. Wewe, Mheshimiwa, ungeketi hapo.

Mama aliyetupokea tulimwita Indo', yaani mama kwa Kitoraja. Tulimuuliza nyumba ile ni ya nani. Akajibu, "Mimi naitunza tu." Tukadhani ni unyenyekevu. Kumbe ndiyo sheria yenyewe. Tongkonan ni ya wazao wote wa walioijenga, wa kwa baba na wa kwa mama, hivyo mtu mmoja huwa na sehemu yake katika nyumba kadhaa. Aliyeko Papua, Kalimantan au Malaysia akitafuta riziki ana neno ndani ya nyumba ile, na paa likibomolewa anatakiwa kutoa mchango. Wapo wageni wanaosikitika wakiona bati mahali pa paa la mianzi. Sisi hatuwalaumu wenye nyumba. Kupasua mianzi na kuipanga tabaka kwa tabaka kunahitaji mikono ya ukoo mzima, na hiyo mikono iko ng'ambo.

Mashamba ya mpunga ndiyo yanayogawanywa kwa watoto, na hapo desturi ina mizani yake: ulichinja nyati wa kufugwa wangapi katika mazishi ya mzazi wako? Aliyetoa zaidi anapata zaidi. Pembe za nyati hao hupangwa kwenye nguzo ya mbele ya nyumba, kutoka chini hadi karibu na paa, na kila jozi ni mazishi ambayo wazee wanayakumbuka.

Katika chumba cha nyuma cha nyumba tuliyolala alikuwamo bibi wa ukoo, aliyefariki miaka miwili nyuma. Hawakumwita marehemu. Walimwita to makula', mgonjwa. Kila asubuhi Indo' alimpelekea sahani ya wali na kikombe cha kahawa. Jioni ya kwanza alituingiza, akainama, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bibi, kuna wageni, wametoka mbali sana." Tukamsalimia. Watu wa pale ni Wakristo, kama Watoraja wengi tangu wamisionari wa Kiholanzi walipofika mwaka 1913, lakini njia ya mababu, Aluk To Dolo, bado ina nafasi yake linapokuja suala la wafu. Mazishi, yaani Rambu Solo', yalipoanza siku yetu ya nne, ndipo tulipowasikia wakimwita marehemu.

Hapo, Mheshimiwa, ndipo tulipoona jambo lililotufanya tuandike risala hii. Langoni alikaa kijana na daftari la kurasa za mistari. Nguruwe anakuja amefungwa kwenye mianzi, amebebwa na watu wanne, analia. Kijana anauliza: umetoka kwa nani, kwa nyumba ipi, mkubwa kiasi gani? Anaandika. Nyati anaandikwa, pombe ya mnazi mwitu inaandikwa, sukari inaandikwa. Si rambirambi ya kutoa ukasahau. Ni deni, na litarudishwa siku nyumba iliyoleta itakapofiwa, hata kama ni wajukuu watakaolilipa. Ukienda soko la Bolu ukaulizia nyati wa mabaka, tedong bonga, utatajiwa bei inayozidi ya gari. Serikali nayo inatoza kodi kwa kila mnyama anayechinjwa. Kwa mtu wa pembeni ni ufujaji. Sisi tulirudi tukiamini kwamba daftari lile ndiyo benki ya kijiji, na ndiyo hati yao ya mali.

Siku ya pili ya mazishi lilikuja kundi la watalii. Walipita mbele ya wafiwa waliopanga mstari, mmoja akasogeza kamera hadi usoni kwa binti aliyekuwa analia, na baada ya nusu saa wakaondoka. Kijana wa daftari alikuwa ameshika kalamu. Hakuwa na cha kuandika.

Utalii Toraja si mgeni. Mwaka 1984 serikali iliitangaza kuwa kituo cha pili baada ya Bali, na katika miaka hiyohiyo wezi walipanda kwenye makaburi ya miambani, wakaiba tau-tau, sanamu za mbao za wafu, zikauzwa kwa wakusanyaji ng'ambo. Leo baadhi ya sanamu zinakaa nyuma ya nondo. Mtu anamtembelea babu yake kama mfungwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu yanatokana na hayo. Kundi lako likija, lisiende mikono mitupu. Wavae nguo nyeusi, wabebe sukari na sigara, na ikiwezekana wachange nguruwe mmoja, wapite langoni, waandikwe. Waongozwe na vijana wa kijiji chenyewe. Fedha za kiingilio zikabidhiwe kwenye kikao cha ukoo, maana anayelala ndani ya tongkonan si mwenye nyumba peke yake, na tumesikia ugomvi wa ndugu ulioanzia kwenye sanduku la tiketi. Na kahawa yao, arabika inayokomaa taratibu kwenye baridi ile, inunuliwe kwao moja kwa moja. Barabara wanaitaka pia, kwa ajili ya kahawa hiyo na kwa ajili ya wajawazito, nasi tunawaunga mkono.

Sisi tumo kwenye daftari: wanafunzi kutoka Afrika, sukari kilo 10, sigara katoni 2. Juzi basi la usiku limetuletea mfuko wenye jina la kikundi chetu, kahawa kilo 5, kutoka kwa Indo'. Alikuwa amesikia kwamba tunapokea mgeni. Ndiyo kahawa iliyo mezani mbele yako. Karibu sana.

Tunaomba kuwasilisha.