Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Aliyetuhimiza Kusamehe

Mheshimiwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa majirani zetu Waislamu watakaoisoma barua hii, Assalaam alaykum.

Mintarafu: Hotuba yako baada ya Misa ya kuwaombea marehemu, na faili yetu ya fidia

Mimi ni katekista, yaani mwalimu wa dini, wa kigango kimoja, tawi dogo la parokia, upande wa bara wa Kaunti ya Lamu, kando ya barabara itokayo Hindi kwenda Witu, ile ambayo wewe huipita ukiwa na magari ya askari mbele na nyuma. Sitakutaja kwa jina wala kwa cheo, kwa kuwa jumuiya yetu ndogo ndogo ilinishauri hivyo, na kwa kuwa wote waliokuwapo kanisani siku ile wanakujua. Nakuandikia hadharani baada ya kukuandikia faraghani kwa muda mrefu bila kupata hata neno la kwamba barua imefika.

Novemba, mwezi ambao Wakatoliki tunawaombea marehemu wetu, ulitufanyia heshima ya kuhudhuria Misa. Ulifika tukiimba wimbo wa komunyo na ukaondoka kabla ya chai, lakini hapo katikati, wakati wa matangazo, ulipata nafasi ya kuzungumza. Ulitoa bahasha ya kuinunulia kwaya kinanda, nasi tunashukuru, maana kile cha zamani kina vitufe visivyolia kabisa. Kisha ukawageukia wajane wa shambulio la usiku lililotuulia watu na kutuchomea nyumba, waliokaa safu ya mbele, ukawaambia kwamba Kanisa lao lenyewe linafundisha kuwa hakuna haki bila msamaha, kwamba hayo ni maneno ya Papa Yohane Paulo II, na kwamba yafaa waachane na habari za fidia, wasamehe saba mara sabini, wasonge mbele. Watu walipiga makofi. Kwetu watu hukipigia makofi kipaza sauti, yeyote aliyekishika.

Mheshimiwa, ulinukuu nusu. Ujumbe wa Papa huyo kwa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 2002, uliotolewa miezi michache baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, una kauli mbili zinazokwenda pamoja: hakuna amani bila haki, hakuna haki bila msamaha. Wewe uliichukua ya pili ukaiacha ya kwanza. Na ndani ya ujumbe huohuo Papa anaeleza, kana kwamba alijua kuna mtu atakuja kufanya ulivyofanya, kuwa msamaha ni kinyume cha kinyongo na kisasi, wala si kinyume cha haki. Miaka 30 kabla yake, Papa Paulo VI alikuwa amekwisha kuwaambia walimwengu kwamba wakitaka amani watende haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kuwa amani si kukosekana kwa vita tu, bali ni kazi ya haki, ukimfuata nabii Isaya. Nakutajia haya yote ili usije ukadhani kwamba suala la fidia tulitiwa kichwani na wanasiasa.

Kuhusu kusamehe, hatukukungoja wewe. Kaka yangu aliuawa mlangoni pake usiku, na nyumba yangu iliyopakana na yake ikachomwa. Mwaka uliofuata, Ijumaa Kuu, shemeji yangu alisimama mbele ya jumuiya akasema kwamba amewasamehe waliomfanya mjane, watu asiowajua hata sura, na akaomba wanawe wasifundishwe chuki na mtu yeyote. Hakuna aliyemshurutisha, wala hakulipwa posho. Alitetemeka akisema, na aliposema ndipo kina mama wengine wakaanza kusema ya kwao. Msamaha ule ni wake yeye, aliutoa kwa waliomuua mumewe. Haukupewa ofisi yako ili uutumie kufungia faili. Waliomuua kaka yangu ni watu wengine. Anayekaa na vyeti vya kifo chake, vilivyochukuliwa kwa ahadi ya fidia, ni wewe, na kwa hilo hujaomba msamaha wowote tukakunyima.

Papa uliyemtaja alijua anachokisema. Tarehe 13 Mei 1981 alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Alimsamehe akiwa bado anauguza majeraha, na Desemba 1983 akamfuata gerezani, wakaketi pamoja wakazungumza. Baada ya mazungumzo hayo Papa alirudi kwake, na Ağca akabaki katika gereza la Italia hadi mwaka 2000. Hakuna kadinali aliyewaambia mahakimu wa Italia kwamba, kwa kuwa Baba Mtakatifu amesamehe, basi majalada yachanwe.

Watoto ninaowaandaa kwa komunyo ya kwanza wanalijua jambo hili kuliko ulivyolieleza. Ninapowafundisha sakramenti ya Kitubio huwauliza: mtu akiiba kuku wa jirani, akaungama, akaondolewa dhambi, kuku ni wa nani? Wote hujibu kwa sauti moja kwamba kuku arudishwe. Ndivyo inavyosema Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho yetu, namba 1459, kwamba maondoleo huondoa dhambi lakini hayatengenezi madhara yote ambayo dhambi imeyaleta, na kwamba aliyekosa anapaswa kufanya awezalo kuyarekebisha, mathalani kurudisha vilivyoibwa. Yohane Paulo II huyohuyo, katika waraka wake wa 1980 kuhusu huruma ya Mungu, aliandika kwamba hakuna mahali popote katika Injili ambapo msamaha maana yake ni kuudekeza uovu, na kwamba kufidia madhara ni sharti la msamaha. Zakayo naye hakumwambia Bwana kwamba amejuta, basi yaishe. Alisema kwamba kama amemnyang'anya mtu kitu atamrudishia mara nne. Sisi hatujaomba mara nne. Hata mara moja ingetosha.

Naomba sasa nikukumbushe ahadi zako, kwa heshima zote, maana naona hotuba zimekuwa nyingi na huenda zimechanganyikana. Ulikuja katika baraza chini ya mwembe wa shule ya msingi, ukasema kila aliyepoteza mtu au nyumba ataandikwa, na malipo ya kwanza yatatoka kabla ya Krismasi. Hukusema Krismasi ya mwaka gani, nasi kwa ushamba wetu hatukuuliza. Karani wako alikusanya vyeti vya vifo, vibali vya mazishi, barua za chifu na picha za nyumba zilizoungua, na alipoulizwa kama nakala zinatosha, alisema mkubwa anataka vyeti halisi ili kuzuia walaghai. Akavitia vyote katika faili ya buluu, akaifunga kwa uzi. Tangu siku hiyo hatujaiona faili hiyo wala uzi wake.

Pengine huko uliko cheti ni karatasi tu. Kwa shemeji yangu, bila cheti halisi cha kifo hawezi kufungua kesi ya urithi, na bila urithi shamba la ekari chache alilolima na mumewe bado lina jina la marehemu, kwa hiyo hawezi kulikodisha kwa mkataba wala kukopa pembejeo kwa dhamana yake. Akienda kuomba cheti kingine anaambiwa alete kibali cha mazishi, nacho kimo katika faili yako. Mkubwa wa watoto wake alikosa msaada wa karo kwa sababu fomu ilitaka cheti cha kifo cha mzazi, akakaa nyumbani muhula mzima akipukuta korosho katika shamba la mtu. Mimi mwenyewe nilijaribu kuyapigilia tena mabati yaliyosalimika, lakini bati lililoungua hukakamaa na kupinda, ukiligonga msumari linapasuka, nikaishia kuyauza kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimelala chini ya turubai la msaada, kusi na kaskazi. Sisemi haya ili unihurumie. Nayasema kwa sababu ulituambia tusonge mbele, nami nataka ujue kinachotuzuia kiko katika kabati la ofisi yako.

Kwa nini imekuwa hivi sijui kwa hakika, bali nina dhana zangu. Mpeketoni, mji wa kaunti yetu hii, iliposhambuliwa usiku wa tarehe 15 Juni 2014, watu wakitazama Kombe la Dunia, na zaidi ya watu 60 wakauawa usiku huo na uliofuata, Al-Shabaab walisema ni wao, ilhali Rais wa wakati huo alisema ni mitandao ya kisiasa ya hapahapa. Wengine wakasema ni ugomvi wa mashamba, tangu zile skimu za makazi za miaka ya 1970, Serikali ilipowagawia watu ardhi. Nadhani tangu hapo kila shambulio linapotokea Lamu, maofisa hungoja kwanza kujua litaitwaje, kwa kuwa likiitwa ugaidi ni faili hii, likiitwa siasa ni faili ile, na likiitwa ardhi hakuna anayetaka kulishika. Mwenye msiba hukaa akingoja jina. Hata Machi 2015, Rais huyo alipoomba radhi Bungeni kwa niaba ya Serikali kwa madhila ya miaka iliyopita, akaagiza zitengwe shilingi bilioni 10 kwa miaka 3 kwa ajili ya waliodhulumiwa, wazee wetu walilia kwa furaha mbele ya redio. Radhi tuliipokea. Shilingi hatujaiona.

Ulisema pia kwamba kudai fidia kunawavunja moyo askari wanaopigana na Al-Shabaab katika msitu wa Boni. Hili limenisumbua kuliko yote. Kanisa halimwambii askari atupe bunduki raia wakichinjwa. Katekisimu, namba 2265, inafundisha kuwa kwa mwenye dhamana ya maisha ya wengine, kuwakinga ni wajibu mzito. Wajibu huo ndio uliokosekana usiku ule, tulipopiga simu kituoni ikalia hadi ikakatika. Lakini Katekisimu hiyohiyo, namba 2313, inasema kwamba wasio wapiganaji, majeruhi na mateka waheshimiwe na watendewe kwa utu. Vita vyenye sababu njema havimpi mtu ruhusa ya kufanya atakalo.

Nina jirani Mbajuni, Mwislamu, mzee mvuvi. Nyumba yangu ilipoungua, yeye ndiye aliyeniletea boriti za mikoko na makuti kwa punda wake, na hakukubali malipo. Miaka ile wavuvi walipokatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, alikaa na nyavu zake zikiliwa na panya, akavumilia. Kisha mwanawe alichukuliwa na watu waliofika kwa gari lisilo na namba, na hadi leo hajulikani yu hai au amekufa. Mama yake hana cheti cha kifo wala mtoto. Siku ya Misa mzee huyo alikuwa amesimama nje chini ya mkorosho, kwa sababu humwombea kaka yangu kwa namna yake, akakusikia ukisema wasamehe. Aliniuliza jioni kama hotuba ile ilimhusu na yeye. Sikuwa na jibu, nikamwambia nitakuuliza. Ndiyo nakuuliza.

Nilikuwa nimeandaa orodha ndefu ya madai: fidia kamili, kituo cha polisi chenye gari lenye mafuta, uchunguzi wa hadharani kuhusu waliouawa na waliopotea, na barabara kufyekwa vichaka pande zote mbili. Yote hayo ni haki yetu na hatujayafuta. Lakini jumuiya ilipoketi kuyasoma, wajane walisema orodha ndefu itakupa nafasi ya kuunda kamati, na kamati tumeziona. Basi tunakuomba jambo moja: turudishie vyeti vyetu. Ile faili ya buluu, jinsi ilivyofungwa, pamoja na kila kilichomo. Kama malipo hayapo, sema hayapo, na vyeti virudi. Kama faili imepotea, sema imepotea, kwa maandishi yenye muhuri, ili ofisi ya usajili ikubali kutoa vingine.

Paroko ana taarifa ya barua hii, na majina ya wenye vyeti tunayo, pamoja na stakabadhi ambayo karani wako alitia sahihi baada ya shemeji kukataa kuondoka bila stakabadhi. Karani anaweza kuja siku yoyote isipokuwa Jumatano, ambapo kina mama huwa gulioni. Ikiwa atakuja na cheti kimoja tu kwa kuanzia, kiwe cha kaka yangu, kwa sababu shule zinafunguliwa Januari na fomu za karo zinafungwa kabla ya hapo.

Wako katika Kristo,

Katekista wa kigango, kwa niaba ya jumuiya