Mwanangu, hao farasi ni kazi au ni mapenzi?

Lexington, Kentucky

Mwanangu Furaha,

Fomu zako za kodi nimezisoma mara mbili, na nashukuru umenionyesha kabla hujazipeleka. Umekata hasara ya farasi wako wawili kwenye mshahara wako wa uuguzi, lakini chakula, daktari na trela umeviandika kwa jumla tu, bila risiti hata moja. Hapo nilishtuka.

Hasara hiyo hukatwa tu kama farasi ni biashara, nami sisemi si biashara. Sheria ya Marekani imewalegezea watu wa farasi: shughuli nyingine hudhaniwa kuwa biashara zikipata faida miaka 3 kati ya 5, lakini kuzalisha, kufundisha, kuonyesha au kukimbiza farasi ni miaka 2 kati ya 7. Usipoifikia, bado hujashindwa. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, watatazama unavyoendesha mambo: daftari, saa unazokaa bandani, mafundi unaowauliza, na ulichobadilisha baada ya kupata hasara. Mwaka 1979 kina Engdahl, mume akiwa daktari wa kunyoosha meno, walishinda kesi ingawa farasi wao walikuwa wakiwatia hasara. Walikuwa na hesabu, na kazi za bandani walizifanya kwa mikono yao. Mahakama ilikubali kwamba kuanzisha uzalishaji wa farasi wa aina waliyoifuga huchukua miaka 5 hadi 10.

Nilipokuwa nikisafisha mabanda hapa, tajiri wangu mmoja aliwapenda farasi kupita kiasi, ila risiti alikuwa akizitupa. Wakaguzi walipokuja hakuwa na la kuwaonyesha. Jike wa kijivu niliyekuwa nikimpiga brashi kila alfajiri alipandishwa kwenye trela akauzwa, nami nimesimama mlangoni na ndoo yake. Sitaki yakukute hayo, mwanangu.

Maana wakisema ni burudani tu, pesa za ushindi utalipia kodi, na gharama hutakata hata senti. Ndivyo ilivyo tangu 2018.

Fungua akaunti ya benki ya farasi peke yao. Jumamosi nakuja na daftari, uweke mezani kila karatasi uliyo nayo, hata za fundi wa kwato. Na ukiona moyoni kwamba unawafuga kwa mapenzi tu, niambie bila aibu, tuifute ile hasara pamoja. Kwenye maonyesho nitakuja vilevile.

Mama yako