Kwa mpwa wangu uliyeingia ndani ya ndege ya doria

Mpwa wangu,

Assalamu aleikum. Picha zako kutoka Greenwood, kambi ya ndege za kijeshi huko Kanada, zimefika Lamu na nyumba nzima imeziona. Mama yako ameingiwa na wasiwasi kuwa unafundishwa uaskari. Nimemweleza kwamba kadeti wa anga huko ni kijana wa miaka 12 hadi 18, si mwanajeshi, wala halazimiki kujiunga na jeshi baadaye. Ametulia, ingawa si sana.

Umeandika kwa furaha kuhusu Aurora, hiyo ndege ya doria uliyoingia: ule mwiba mrefu wa mkiani unaohisi chuma cha nyambizi kikivuruga usumaku wa dunia, na maboya yanayodondoshwa baharini kusikiliza. Ni elimu kubwa. Kanada ilianza kuirusha mwaka 1980, na kuwinda nyambizi za Kisovieti ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Lakini ndege hiyohiyo hutafuta watu waliopotea baharini na kuwaangushia vifaa vya kujiokolea, na kuhusu hilo hukuandika hata mstari.

Hilo ndilo linalonigusa. Mashua ikitoka Kizingitini wakati wa kusi, mashine ikazimika nje ya miamba, upepo na mkondo vyote vinaisukuma kaskazini, kuelekea Somalia. Wavuvi wenzao huwafuata kwa mashua nyingine, lakini aliyeketi chomboni upeo wake ni kama kilomita 4. Aliye juu mita 300, upeo wake unapita kilomita 60. Ona tofauti ya uhai hapo!

Tangu wageni walipotekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011, wavuvi wetu wamepitia marufuku ya kuvua usiku na upekuzi mwingi. Ndege ikishuka chini, mvuvi hujiona anashukiwa. Inaniuma, kwa sababu siku akipotea, ndege ndiyo atakayoiomba Mungu.

Tena ubao haurudishi vizuri mawimbi ya rada. Mashua ya mbao katikati ya mawimbi makubwa yaweza kupitwa hivihivi. Dawa yake si ghali: mabati matatu yanayokatana kwa pembe mraba, yakatundikwa juu ya mlingoti, huyarudisha mawimbi kule yalikotoka.

Kwa hiyo mkipelekwa tena, nenda kwa wale wanaokaa kwenye madirisha ya kuangalia baharini. Waulize chombo kidogo wanakitambuaje, tanga la rangi gani huwahi kuonekana, kioo kikimulikwa juani huonekana kutoka mbali gani. Uliza pia bati liwe na ukubwa gani ili rada ilishike. Fundi mmoja wa Matondoni nimeshazungumza naye, yuko tayari kukata na kuunga, anachongoja ni vipimo. Nitumie kabla kusi halijaanza kuvuma.

Mjomba wako, Lamu