Ndege yetu: tuitengeneze au tuiache?

Assalaam aleikum wanakikundi. Jana nilikuwa uwanjani Malindi na fundi. Mguu wa mbele umevunjika na propela imepiga lami injini ikizunguka. Ncha zote mbili zimejikunja. Hapo ndipo penye gharama. Propela ikipiga chini hivyo, Lycoming waliounda injini wanataka ifunguliwe yote, krenki, ile shafti inayozungusha propela, ikaguliwe, hata kama ukiiwasha inanguruma vizuri. Ufa wa krenki unaweza usionekane kwa macho, na sitaki yeyote wetu augundue akiwa juu ya bahari, njiani kwenda Manda.

Lakini linaloninyima usingizi ni kutu. Nilipitisha kidole kwenye ribiti za bawa, rangi ikabanduka, ukatoka unga mweupe. Hiyo ni chumvi inakula aluminiamu.

Rai yangu: tusichange hata shilingi kabla fundi hajafungua vifuniko vya bawa aone mhimili, ile boriti kuu ya ndani inayobeba bawa. Ukiwa mzima, tutengeneze, nami nitakuwa wa kwanza kutoa. Ukiwa umeliwa, tuuze redio, viti na magurudumu, tugawane kilichopo. Najua wengine mnaipenda sana, nami pia.

Naombeni majibu kabla ya Ijumaa.