Kahawa chungu si kahawa iliyoungua

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika. Sababu ya kahawa yako kuwa na ladha ya majivu umeiandika mwenyewe: ukitaka iwe kali unaikaanga mpaka iwe nyeusi tii, kisha unaichemsha saa nzima. Umechanganya mambo mawili. Ukali unatokana na wingi wa kahawa kwenye maji, weusi unatokana na moto. Ukiongeza moto pale ulipopaswa kuongeza kahawa, utakunywa makaa.

Buni za Bukoba ulizonunua zinafaa sana. Ni za aina ya robusta, kafeini yake (kile kinachochangamsha) ni karibu mara mbili ya ile ya aina nyingine, arabika, ya Kilimanjaro au Mbinga, na inakaa nzito mdomoni. (Kuikaanga iwe nyeusi hakuongezi kafeini, hata wakikuapia.) Ukitaka harufu zaidi, changanya robusta sehemu mbili na arabika sehemu moja, ila kila moja ikaange peke yake, maana haziivi kwa mwendo mmoja.

Zichague kama unavyochagua mchele. Punje iliyovunjika au kutobolewa na mdudu huungua kabla ya wenzake, na chache tu zinatosha kuharibu birika zima. Kaanga gramu 250 kwa mara moja kwenye karai zito la chuma, moto wa wastani, mwiko usisimame. Fungua madirisha. Buni zitageuka njano, kisha hudhurungi, na harufu ya majani mabichi itakuwa ya mkate. Baada ya dakika kumi hivi zitaanza kulia kama bisi. Huo ni mlio wa kwanza, na mtu wa kahawa laini angeepua hapo. Wewe endelea. Zitanyamaza kidogo, moshi utazidi, halafu utasikia mlio wa pili, mdogo na wa haraka, kama chumvi iliyomwagwa kwenye makaa. Sasa usiangalie pembeni: ndani ya nusu dakika, dakika moja ikizidi sana, epua. Punje ziwe na rangi ya chokoleti nyeusi na mafuta yakianza kung'aa juu yake.

Kuepua peke yake hakutoshi, kwa sababu punje zina moto ndani na zinaendelea kujikaanga. Zimwage kwenye ungo, zipepete na kupepea mpaka zipoe ndani ya dakika nne au tano. Kumvi nazo zitaruka. Nadhani hapa ndipo zako zinapoharibika, kwa kuachwa karaini.

Una mizani ya jikoni, itumie. Gramu 250 zikiwa zimebaki 200 hadi 205, umepatia. Zikibaki 180, umeunguza. Kisha pasua punje moja: ndani ikiwa na rangi hafifu na nje nyeusi, moto ulikuwa mkali mno mwanzoni.

Zilaze siku moja kabla ya kutwanga, zitoe hewa, la sivyo povu litafurika jikoni. Zimalize ndani ya wiki mbili, maana yale mafuta ya juu huchacha. Friji hapana. Zinanyonya unyevu na harufu ya samaki. Kahawa iliyokaangwa sana huvunjika upesi kinuni, kwa hiyo usiitwange ikawa vumbi. Ibaki na chembe kama sukari, nayo itatuama vizuri.

Kwa lita moja ya maji, weka gramu 70, yaani vijiko vya kulia 13 hivi. Chemsha maji na kipande cha tangawizi kilichopondwa, chenye ukubwa wa kidole gumba. Epua, tia kahawa, koroga, rudisha. Povu likipanda, epua lishuke, kisha rudisha; fanya hivyo mara tatu. Halafu iache kwenye moto mdogo kabisa dakika tano, isitokote. Iliki, punje nne zilizopondwa, zitie mwishoni kwa kuwa harufu yake hukimbia na mvuke. Epua, ngoja dakika tano machicha yatuame, kisha mimina polepole kwenye birika jingine. Usiache kahawa ikae juu ya machicha yake jioni nzima kwenye makaa, kwani inazidi kukamua uchungu mbaya, ule unaokwaruza koo. Kahawa iliyokwisha kuchujwa unaweza kuiweka kwenye chupa ya chai.

Utapata vikombe vidogo 13 hivi. Sukari usitie. Utamu uache kwa kashata au tende, uume kidogo kati ya funda na funda. Ikiwa bado unaiona nyepesi, ongeza gramu 10 za kahawa, moto uuache ulivyo.

Ukikaanga tena, niandikie uzito uliotoka karaini kabla ya kuniambia ladha.

Wasalaam,
Swahiba wako