Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Bahari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe kwa kukubali mwaliko wetu.

Mheshimiwa, mada yetu mwaka huu ni bahari iliyo kati ya China na Korea. Biashara ya Bahari ya Hindi tunaisoma darasani kila mwaka; safari hii tulitaka kujua wenzetu wa mbali waliishije na bahari yao.

Bango la kwanza ni la Jang Bogo, mtu wa Silla, ufalme wa Korea ya kale, aliyevuka kwenda China enzi za nasaba ya Tang akawa askari. Mwaka 828, baada ya kurudi kwao, aliruhusiwa na mfalme kujenga ngome ya Cheonghaejin katika kisiwa cha Wando, ili kuwakomesha maharamia waliowateka watu wa Silla na kuwauza utumwani China. Ng'ambo ya pili, huko Chishan katika Shandong, alijenga hekalu la Kibudha, na Ennin, mtawa kutoka Japani, alipata hifadhi humo mwaka 839. Shajara ya Ennin inawataja wakalimani, mabaharia na hata wasafirisha mkaa wa Kisilla waliokuwa wakiishi pwani ile. Jang Bogo amepata sifa zake za kutosha. Sisi tumewapa wasafirisha mkaa nafasi kubwa zaidi ukutani.

Bango la vyombo vya udongo utalipita haraka, Mheshimiwa, maana picha zetu hazikutoka vizuri. Linaonyesha vyombo vya kijani ambavyo wafinyanzi wa Korea walijifunza kutoka tanuri za Yue za China, hadi mjumbe wa nasaba ya Song ya China, Xu Jing, alipofika mwaka 1123 na kuvisifia rangi yake.

Tunakuomba usimame kwa Choe Bu. Mwaka 1488, ofisa huyu wa Korea akiwa kazini kisiwani Jeju alipata habari za msiba wa baba yake. Akapanda chombo haraka. Dhoruba ikawachukua, yeye na wenzake 42, wakaporwa na maharamia, mwishowe wakatupwa pwani ya Zhejiang nchini China, ambako walishukiwa kuwa maharamia wa Kijapani. Kichina hakukizungumza, lakini maandishi yake aliyasoma tangu utotoni, kwa hiyo alijitetea kwa brashi na wino. Wakapelekwa Beijing kwa Mfereji Mkuu, njia ya maji ya China iliyochimbwa na watu, kisha wakarudi kwao kwa nchi kavu, wote 43 wakiwa hai. Njiani, na nguo zake za matanga, aliona gurudumu la kupandishia maji mashambani, akawasumbua wenyeji mpaka wakamweleza linavyoundwa. Baadaye aliwafundisha watu wa kwao kulitengeneza wakati wa ukame. Mfalme wa Korea aliyetawala baadaye alimuua mwaka 1504, jambo lililozua ubishi mkali klabuni.

La mwisho ni ramani iliyochorwa Korea mwaka 1402 kwa kuunganisha ramani zilizotoka China na zao wenyewe. Afrika imo, na ncha yake ya kusini imechorwa, miaka mitatu kabla Zheng He, amiri wa China, hajaanza safari zake. Korea wameichora kubwa kupita kiasi, lakini nani asiyeipenda kwao?

Mheshimiwa, changamoto yetu ni vifaa. Ramani hiyo tumeichapa kwenye karatasi za kawaida na kuziunga kwa gundi, na majina hayasomeki. Tunaomba utusaidie kupata nakala kubwa ya kutundika maktaba, pamoja na projekta moja ya klabu, kwani tunayotumia ni ya kuazima na inatakiwa kurudishwa leo jioni.

Tunaomba kuwasilisha.